Kamba Moja ya Bi Kazija

Mama alihamia mjini na begi la nguo, mto wake wa sufi na furushi la kamba. Kaka yangu Anuar alimpokea begi na mto. Furushi mama hakumpa mtu. Alipanda nalo ngazi za Michenzani mpaka ghorofa ya nne, akisimama kila zinapopinda, mkono mmoja ukutani.

"Bado tu?" aliuliza. "Radhiya, nyie mnakaa na kunguru?"

"Tunakaribia, mama."

"Umesema hivyo tangu chini."

Anuar alicheka kwa nguvu, kama mtu aliyetua mzigo. Alikuwa amembembeleza mama kwa muda mrefu, na siku hiyo furaha ilimzidi hata akawanunulia wanangu barafu za maziwa. Mama naye akataka yake, na huku ana ugonjwa wa sukari, tukamnyima, akanuna mpaka magharibi.

Naandika haya yasije yakanipotea. Sauti yake kwenye ngazi tayari imeanza kufifia.

Mama, Bi Kazija, alikuwa mkulima wa mwani Jambiani. Kazi yenyewe ni hivi: maji yakitoka, wanawake huchomeka vijiti mchangani, wakavuta kamba kati ya kijiti na kijiti, na kwenye kamba hufunga mbegu za mwani kwa nyuzi fupi ziitwazo tai tai. Hufanywa wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, kwa sababu ndipo maji yanapokwenda mbali. Siku za maji mafu wanakaa nyumbani wanaanika na kukata tai tai nyingine. Baba alikufa tukiwa wadogo. Kwa mwani huo mama alitulea sisi wawili, na mimi akanifikisha kidato cha nne.

Kisha ikaja sukari, na baada ya sukari kidonda. Alichomwa na kitu majini, chini ya unyayo, na pale pakakataa kupona. Daktari alimkataza maji ya chumvi mpaka kidonda kifunge, akataka kisafishwe kila baada ya siku moja. Kutoka Jambiani hadi hospitali ya mjini ni mbali kwa mguu kama ule. Hapo ndipo Anuar alipomwambia ahame.

Tulikaa uani kwake Jambiani, nyuma ya jiko. Mimi na Anuar, mama, na shoga yake Bi Mwanaasha, ambaye shamba lake la mwani lilipakana na la mama tangu sijazaliwa.

"Mjini kuna hospitali," Anuar alisema. "Kuna maji ya bomba. Wajukuu wako karibu. Utakaa kwa Radhiya kwa sasa, na nyumba yangu ya Chukwani ikimalizika utahamia kwangu. Ya chini, haina ngazi, na bahari ile pale."

"Hiyo bahari ya Chukwani ina mwani?"

"Haina. Lakini ina upepo mzuri."

"Basi ni bahari ya kutazama," mama alisema. Bi Mwanaasha akaguna. Mama akauliza tena, taratibu, "Na shamba langu?"

Sidhani kama Anuar alikuwa amelifikiria. Shamba la mwani halina hati. Lako ni lako kwa kuwa unalifunga. Likikaa tupu bamvua mbili tatu, mwenye haja huchomeka vijiti vyake na hakuna wa kumlaumu. Lakini ikiwapo hata kamba moja iliyofungwa, kila mwanamke anayepita anajua kwamba mwenyewe yupo na atarudi, na haligusi.

"Nenda ukatibiwe, shoga," Bi Mwanaasha alisema. "Mie ntakufungia kamba moja kila bamvua. Moja tu, usije ukanigeuza kibarua wako."

"Hata hiyo moja utaifunga ovyo. Nakujua."

"Basi pona haraka uje uifungue."

Ndivyo mama alivyokubali. Sisi tulisema amehama. Yeye alisema anakwenda kutibiwa, na kamba moja imebaki inamwekea nafasi.

Mji ulimfaa kwa mengi, sitaki kuusingizia. Kidonda ambacho kule kilikuwa kikinuka kilianza kukauka pembezoni. Maji yalipokubali kupanda hadi kwetu, alifungua bomba akakinga mkono chini yake, anatazama tu, kama anayesikiliza habari. Alipenda kumsuka mwanangu Rahila huku redio inaimba taarabu. Siku za kwenda kusafishwa kidonda alipitia Darajani, kwenye duka la vitambaa ninakouza, akakaa kwenye kiti changu na kuwaambia wateja ukweli kuhusu rangi walizochagua. Alipenda urojo, ambao alikatazwa kuuzidisha, na mume wangu Junaid akawa anamletea kwa kujificha, mfuko ndani ya mfuko. Nikajifanya sisikii harufu.

Lakini siku zisizo za hospitali hakushuka. Ngazi zilimshinda. Alikaa roshani akiwatazama watu kwa juu.

"Hapa watu wanapita kama wanakimbia mvua," alisema. "Hata hawatazamani."

Mara moja alifariki mzee wa mlango wa tatu kutoka kwetu, na mama akaja kujua hitma ishasomwa. Hilo lilimuuma kuliko kidonda.

"Mtu kafa hapo, na mie humu ndani natafuna boflo," alinambia. "Kwenda kuwapa pole sikwenda. Wataniona mtu gani?"

"Hawakujui, mama."

"Ndo hivyo nnavyosema."

Bamvua likiingia, alijua. Aliuona mwezi ukitokeza juu ya majumba, na asubuhi yake, saa ambayo upande wa pili wa kisiwa wenzake walikuwa wanatoka na maji, yeye alitandika jamvi sebuleni, akafungua furushi na kukata tai tai. Alizifunga mafungu mafungu na kumpa konda wa gari la Jambiani ampelekee Bi Mwanaasha, pamoja na salamu ndefu ambayo yule konda, maskini, alilazimika kuirudia mbele yake mpaka aiseme sawasawa.

"Mwambie afunge ya upande wa mkondo. Na asikaze, mbegu zinakatika."

Jibu lilirudi kwa konda yule yule: "Anasema nshafunga, na mwani wako una kiburi kama wewe." Mama alicheka siku nzima.

Baada ya Ramadhani salamu za Bi Mwanaasha zikawa fupi. Kwanza, "Anakusalimu." Kisha, "Kapokea." Kisha konda akasema alimkuta, akampa mzigo, na yule bibi hakusema kitu.

"Hakusema kitu kabisa?"

"Kabisa, bibi."

Mama aliweka mkasi chini. "Mwanaasha ana lake," alisema. "Hebu kipone hiki kidonda, ntakwenda mwenyewe nikamuulize."

Kikapona. Daktari alimruhusu kuingia majini ilimradi avae viatu. Alinituma nimnunulie viatu vya plastiki, akavijaribu ndani ya nyumba, anatembea kutoka jikoni mpaka mlangoni na watoto nyuma yake. Bamvua la mwezi mpevu lilipofika niliomba ruhusa dukani, tukaenda Jambiani pamoja.

Hakutaka kupitia nyumbani kwanza. Tuliposhuka barabarani alishika njia ya pwani moja kwa moja. Maji yalikuwa yameshakwenda mbali, mchanga uko wazi, wanawake wameinama huku na huku. Mama alinitangulia na mimi nikafuata na furushi. Nilikuwa nimesahau kama anaweza kutembea vile. Michenzani alikuwa mzee, pale hakuwa mzee.

Kisha akasimama.

Shamba lake lilikuwa limejaa. Kamba zilinyooka kijiti kwa kijiti, mwani umeshika vizuri, na tai tai zote za buluu. Za mama daima zilikuwa nyeupe. Mwanamke kijana aliyekuwa ameinama katikati akainuka. Alikuwa Bashira, aliyeolewa pale kijijini muda si mrefu. Alifuta mikono na kutujia anatabasamu.

"Shikamoo, Bi Kazija! Umekuja kunitazama? Angalia ulivyonibarikia, hakuna uliokatika."

"Marahaba," mama alisema. "Nimekubarikia nini, mwanangu?"

"Shamba." Tabasamu lake likaanza kupungua. "Si ulisema apewe anayehitaji? Bi Mwanaasha kanambia ni kauli yako mwenyewe. Nna mtoto mchanga, Bi Kazija, na mume wangu kazi zake za hoteli mara zipo mara hazipo. Nilikuombea dua siku ile." Akanitazama mimi, akamtazama mama. "Au sivyo?"

Mama alikuwa anamtazama Bi Mwanaasha, ambaye alishatuona na alikuja kutoka shamba la pili, kanga imefungwa juu ya magoti.

"Huyo Bi Mjini!" Bi Mwanaasha alisema kabla hajafika. "Na viatu!"

"Mwanaasha, kamba yangu iko wapi?"

"Kamba yako? Umemtuma mwanao aje anifukuze kazi, halafu waniuliza kamba?"

"Mwanangu gani?"

"Unao wangapi? Anuar. Alipokuja kwenye maziko ya mjomba wa mkewe kanikuta hapa nnaifunga hiyo kamba yako, maji yananifika kiunoni, yashaanza kujaa. Kavua viatu, kaingia na suruali yake nzuri, kanishika mkono kunitoa. Kanambia, Bi Mwanaasha, usijisumbue tena kwa ajili yetu, mama hatorudi majini, mpe anayehitaji. Mie nikasema haya, Kazija kashakuwa wa mjini, hata kuniaga kamtuma mtoto."

"Na wewe ukaamini!"

"Nisiaminije? Mtoto wako mkubwa. Kauli yake si ndo kauli yako?"

Hapo nilielewa, na najua mama alielewa kabla yangu. Anuar alimwona bibi mtu mzima anahangaika majini kwa ajili ya familia yetu, akaona haya. Mtu aliyelelewa vizuri hamwachi mzee amfanyie kazi. Alimpumzisha kwa adabu, kwa suruali iliyolowa, na nina hakika alirudi mjini amefurahi kwa alichofanya. Hata kutusimulia hakuona haja. Alitoka Jambiani kwenda kusoma akiwa mdogo, akajua tu kwamba mwani unafungwa, unavunwa na unauzwa. Ile kamba moja inavyolinda shamba hakujua. Pale uani alisikia ahadi ile na kudhani ni mapenzi tu ya mashoga.

"Miezi yote hiyo umeninunia," mama alisema.

"Na wewe miezi yote waniletea tai tai! Nikasema, huyu ananitania? Shamba katoa, kamba za nini?"

"Umezitupa?"

"Nizitupe, nna wazimu? Nimefungia mwani wangu."

Mama akaanza kucheka, na Bi Mwanaasha akacheka, wameshikana mikono katikati ya maji yanayofika vifundoni, na mmoja wao alikuwa analia lakini sikuweza kujua yupi, kwa sababu wote wawili walijifuta kwa ncha ya mtandio.

Bashira alikuwa ameinama tena. Nilidhani ameona aibu anaendelea na kazi, kumbe alikuwa anafungua kamba kwenye kijiti.

"Ntatoa, Bi Kazija," alisema bila kuinua uso. "Nikivuna huu ntatoa vyote. Mie sikujua."

Mama alitazama ufukweni. Mama mkwe wa Bashira alikuwa amekaa kivulini na kitoto kimelala mapajani. Mama aliwatazama. Nilitaka aseme, "Naam, toa." Namwomba Mungu anisamehe kwa kutaka hivyo.

"Funga hiyo kamba," mama alisema. "Kauli ishatoka. Mdomo wa mwanangu ni mdomo wangu."

"Lakini hukusema wewe."

"Sasa nasema. Haya, sogea. Maji hayatungoji."

Akachukua furushi mikononi mwangu, akalifungua, akainama kando ya Bashira na kufunga mbegu kwenye shamba lililokuwa lake, kwa tai tai nyeupe, kama kibarua. Hakuinuka mpaka maji yalipoanza kurudi. Vidole vilimuuma, nilimwona akivikunjua.

"Mikono imekuwa ya bi harusi," Bi Mwanaasha alimchokoza.

"Basi nitie hina."

Tulipokuwa tunatoka Bi Mwanaasha alimwambia watatafuta mahali pengine, wachomeke vijiti vipya. Mama alimuuliza wapi. Karibu na ufukwe siku hizi maji yanapata joto, mwani unakufa. Kule mbali kwenye kina panataka mwenye nguvu na anayejua kuogelea. Bi Mwanaasha hakubisha. Mama akasema, "Na nikirudi kukaa hapa bila shamba, nikae barazani niwatazame nyie mkienda na mkirudi? Bora nitazame watu nisiowajua."

Njiani kuelekea barabarani alinishika mkono.

"Anuar usimwambie."

"Kwa nini, mama? Ajue alichokifanya."

"Ajue, kisha? Kafanya kwa wema. Akijua, kila akinitazama atakuwa anaomba radhi. Shamba lishakwenda. Mie sitaki kukaa na mwanangu hivyo."

Niliahidi. Tulirudi mjini, mama akapanda ngazi bila kuuliza kama tumekaribia.

Tangu siku ile hakutaja tena bamvua. Rahila alimwita roshani usiku mmoja, "Bibi, njoo uone mwezi ulivyokuwa mkubwa!" Mama alijibu kutoka ndani, "Naam, mzuri," na hakutoka kuuangalia. Mkasi wa kukatia tai tai niliukuta jikoni, anakatia mboga.

Nyumba ya Chukwani ilimalizika na Anuar akamhamishia kwake, kama alivyoahidi. Ilikuwa nyumba nzuri. Haikuwa na ngazi. Anuar alimwekea kiti cha uvivu barazani, kinaelekea bahari, na kila Ijumaa nilipokwenda nilimkuta mama hapo, amevaa vizuri, mguu umepona kabisa, sukari imetulia. Daktari mwenyewe alimsifu. Kama mtu angepima kwa mizani faida na hasara za kumleta mjini, naamini faida zingekuwa nyingi zaidi, na zote ni za kweli. Hasara ilikuwa moja, na hiyo haikuwa ikionekana kwenye kiti kile.

"Inapendeza bahari yenu," alimwambia Anuar siku moja nikiwepo.

"Si nilikwambia, mama?"

"Ulinambia."

Alifariki kwenye kiti hicho hicho asubuhi moja, baada ya kusali Dhuha. Mke wa Anuar alimpelekea chai akadhani amesinzia.

Tulimrudisha Jambiani akazikwe. Hilo hakuna aliyelibishia, hata halikuzungumzwa. Kumwosha tulimwosha mimi na Bi Mwanaasha na bibi mmoja jamaa yetu. Bi Mwanaasha alikuwa akimwagia maji mkono wa kulia, akaugeuza, akapitisha kidole gumba kiganjani. Palikuwa laini. Zile sugu za kamba ambazo nilizijua tangu nikiwa mtoto, ambazo zilikuwa zinanikwaruza akinipaka mafuta, hazikuwapo tena.

"Mikono ya mjini," Bi Mwanaasha alisema. Akaendelea na kazi.

Wanaume waliporudi kutoka makaburini niliona wanawake kadhaa wanaingia uani na kanga zilizolowa chini. Ilikuwa bamvua na maji yalikuwa yametoka, lakini walikuwa wameacha kazi katikati. Bashira alikuwa mmoja wao. Mtoto wake alikuwa ameshaanza kusimama, anashika ukuta.

Siku ya hitma, watu walipopungua, Anuar alikuja kukaa karibu yangu uani, mahali pale pale nyuma ya jiko. Macho yalikuwa yamemvimba. Alikuwa ameshika fungu la tai tai nyeupe.

"Nimelikuta chini ya mto wake, Chukwani," alisema. "Labda ndilo la mwisho alilokata, sijui. Kalihifadhi la nini?"

"Mazoea tu," nilimwambia. "Niachie mimi."

Akanipa. Kisha akapumua kwa nguvu na kujifuta uso kwa kiganja.

"Najilaumu kwa mengi, Radhiya. Ningemjengea ile nyumba mapema zaidi, asihangaike na ngazi zenu. Lakini jambo moja linanipoza moyo." Alinitazama kama mtoto anayetaka kuambiwa amefanya vizuri. "Alau ile kazi ya majini tulimpumzisha nayo. Hakufa na kamba mkononi."

Mle ndani Bi Mwanaasha alikuwa anakusanya vikombe. Vikombe vikanyamaza. Najua alisikia.

Fungu la tai tai lilikuwa mapajani mwangu. Nililifunika kwa ncha ya mtandio.

"Naam, kaka," nilimjibu. "Tulimpumzisha."